Vifuatilishi vya Alzheimer: Tuulize Kinachoachia, Si Kinachonata Peke Yake

Kwa karibu karne nzima, daktari aliyetaka uhakika kwamba mgonjwa wake ana ugonjwa wa Alzheimer ilimbidi asubiri mgonjwa huyo afariki. Alois Alzheimer mwenyewe aliyaona mabonge na mafundo chini ya hadubini mwaka 1906, baada ya Auguste Deter kufa na ubongo wake kukatwa vipande vyembamba. Tangu hapo jibu la uhakika lilikaa mochwari. Aliye hai alipimwa kwa maswali ya kumbukumbu, kwa picha ya ubongo uliosinyaa, na kwa uzoefu wa daktari, ambao nao ulikosea mara nyingi kuliko tulivyopenda kukiri.

Vifuatilishi vyenye mionzi, yaani molekuli zinazochomwa mwilini ili mashine izione zilipo, ndivyo vilivyobadilisha hali hiyo. Lakini naona tunavisifu kwa upande mmoja tu. Kila tangazo la kifuatilishi kipya hutuambia kinanata kwenye nini: kwenye amiloidi, protini inayounda yale mabonge; kwenye tau, protini inayounda yale mafundo; kwenye seli zilizovimba. Ni mara chache tunaambiwa kinaachia nini, na kwa haraka kiasi gani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ulipo ugumu wote wa kazi hii, na hapo ndipo tunapaswa kuwabana wanaotengeneza molekuli hizi.

Tuanze na jinsi inavyofanya kazi. Wanakemia huchukua molekuli ndogo, huifungia atomi moja yenye mionzi, na mgonjwa huchomwa sindano ya mshipa. Atomi hiyo inapovunjika hutoa positroni. Positroni hukutana na elektroni, zote mbili hutoweka, na mahali pake huruka miale miwili ya gama yenye nishati ya keV 511 kila mmoja, ikielekea pande mbili zinazopingana. Pete ya vigunduzi vya mashine ya PET huipokea miale hiyo kwa jozi, na kompyuta hupiga hesabu ya mahali ilipoanzia. Kemikali yenyewe inayoingia mwilini ni mikrogramu chache tu, kiasi kisichoweza kufanya kazi kama dawa.

Sasa angalia udhaifu uliomo ndani ya uzuri huo. Mwale haubebi cheti cha kuzaliwa. Uliotoka kwenye molekuli iliyonata amiloidi, uliotoka kwenye molekuli iliyokwama kwenye mafuta ya neva, na uliotoka kwenye molekuli inayoelea tu kwenye damu, yote inafika kwenye kigunduzi ikiwa sawasawa. Mashine huhesabu bila kubagua. Kwa hiyo picha haiwezi kuwa safi kuliko kemia iliyotangulia. Molekuli isipoondoka haraka mahali pasipohusika, hakuna mashine ya bei yoyote itakayoisahihisha.

Historia ya kifuatilishi kilichofungua njia inaonyesha jambo hili waziwazi. Kulikuwa na rangi ya maabara iitwayo thioflavini T, ambayo kwa miaka mingi ilitumika kuonyesha amiloidi kwenye vipande vya ubongo vya marehemu. Ilinata vizuri sana. Tatizo ni kwamba ina chaji ya umeme, na kitu chenye chaji hakipenyi kwa urahisi ukuta unaotenganisha damu na ubongo. William Klunk na Chester Mathis wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh waliiondoa chaji hiyo, wakaibadilisha molekuli hatua kwa hatua, wakajaribu nyingine nyingi za jamaa hiyo. Iliyofaulu ikaja kujulikana kama Pittsburgh Compound B, au PiB. Mtu wa kwanza kupigwa picha kwa PiB alipigwa Uppsala, Sweden, Februari 2002, na ripoti ya wagonjwa 16 na watu 9 wa kulinganishia ilichapishwa mwaka 2004.

Watu wengi hukumbuka jinsi gamba la ubongo la wagonjwa lilivyowaka. Mimi nashauri watazame ubongo mdogo, ule ulio kisogoni. Huko mabonge ya kawaida ya amiloidi ni haba hata kwa mgonjwa wa Alzheimer, na huko PiB iliingia ikatoka kwa mwendo uleule kwa wagonjwa na kwa wasio wagonjwa. Ukimya wa sehemu hiyo moja ndio uliotoa haki ya kuamini kelele za sehemu nyingine. Bila mahali pa kuonyesha kwamba molekuli inajua kuondoka, mng'ao wa gamba ungeweza kuwa kitu chochote.

PiB ilibeba kaboni-11, ambayo nusu-maisha yake, yaani muda wa mionzi kupungua kwa nusu, ni takriban dakika 20. Baada ya saa moja hubaki kama sehemu moja kati ya nane; baada ya saa mbili, karibu moja kati ya sitini na nne. Hospitali isiyo na saiklotroni yake, mashine inayotengeneza atomi hizo zenye mionzi, haiwezi kuitumia. Ndiyo sababu kampuni zilikimbilia florini-18, yenye nusu-maisha ya dakika 110, inayoweza kutengenezwa alfajiri mji mmoja na kutumika mchana mji mwingine. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha vifuatilishi vitatu vya amiloidi vya aina hiyo: florbetapir Aprili 2012, flutemetamol mwaka 2013 na florbetaben mwaka 2014.

Inafaa tuitazame asubuhi moja ya kazi hiyo kwa karibu, maana uharaka wake ndio unaoamua molekuli ipi itaishi na ipi itaachwa kabatini. Saiklotroni hupiga protoni kwenye mililita chache za maji yaliyosheheni oksijeni-18, na baadhi ya atomi za oksijeni hugeuka florini-18. Maji hayo husukumwa kwa mrija mwembamba hadi kwenye sanduku lenye kuta nene za risasi. Humo florini hunaswa kwenye kichujio kidogo, hukaushwa, hukutanishwa na kitangulizi cha molekuli na kupashwa moto. Kinachotoka husafishwa kwa kromatografia, huchanganywa na maji ya chumvi, hupitishwa kwenye chujio la kuzuia vijidudu. Kisha mtu wa udhibiti wa ubora hupima usafi wa kemikali, mabaki ya viyeyusho, tindikali, na uzima wa lile chujio, huku saa ikikimbia na mionzi ikipungua. Kipimo cha kuhakikisha hakuna bakteria huchukua siku 14. Jibu lake linapofika, dawa ilishatumika na mionzi yake ilishakwisha kitambo. Kwa hiyo usalama hauwezi kungoja kipimo cha mwisho. Umejengwa kwenye kila hatua ya utaratibu. Molekuli inayohitaji hatua moja ya ziada ya kemia, hata ikiwa bora kwa kunata, inaweza kushindwa na jirani yake iliyo rahisi.

Florini ilitupa safari ndefu, lakini ilikuja na gharama yake. Vifuatilishi vya amiloidi vyenye florini-18 hubaki zaidi kwenye sehemu nyeupe ya ubongo, ambako kuna mafuta mengi ya neva na hakuna mabonge tunayoyatafuta. Picha ya mtu asiye na amiloidi haiwi tupu basi. Florbetapir husomwa kwa kijivu kilichogeuzwa, pale palipo na mionzi mingi pakiwa peusi. Kwa mtu asiye na amiloidi, sehemu nyeupe huonekana nyeusi ikitanuka kama matawi ya mti, na gamba pembeni yake hubaki jepesi; mpaka kati ya viwili hivyo huonekana wazi. Amiloidi inapokuwa nyingi, gamba nalo huwa jeusi na mpaka hupotea. Msomaji wa picha, kwa hiyo, anatafuta mpaka uliofutika. Jicho lisilofundishwa huona weusi mwingi kwenye picha ya mtu ambaye hana amiloidi na kumtangaza mgonjwa.

FDA waliliona hili mapema. Januari 2011 kamati yao ya washauri ilikataa florbetapir iidhinishwe papo hapo, kisha wajumbe wote 16 wakakubali kwamba inafaa iwapo tu kutakuwa na mafunzo ya wasomaji yanayoleta usomaji wa namna moja. Kuna waliolalamika kwamba wagonjwa wanacheleweshewa. Mimi naona ule ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote katika historia ya fani hii. Idhini ilisubiri hadi ilipoonyeshwa kwamba watu tofauti, wakiangalia picha ileile, wanafikia jibu lilelile. Pamoja na hilo kulikuwa na ushahidi mgumu zaidi: watu waliokuwa karibu na mwisho wa maisha walikubali kupigwa picha, na baada ya kufariki bongo zao zikachunguzwa. Katika watu 59 wa utafiti huo, picha zilikamata asilimia 92 ya waliokuwa na mabonge ya kutosha, na hazikumsingizia hata mmoja ambaye hakuwa nayo. Familia 59 zilikubali ubongo wa mpendwa wao utolewe ili sisi tujue kama picha inasema kweli. Sijui mchango mkubwa kuliko huo katika utafiti wa ugonjwa huu.

Tau ikaja kutufundisha unyenyekevu. Mafundo ya tau yamo ndani ya seli, kwa hiyo molekuli inapaswa kuvuka ukuta wa damu na ubongo, kisha utando wa seli. Kiasi chake kwa kawaida ni kidogo kuliko cha amiloidi, na umbo lake la ndani, mikunjo ya protini iliyopangwa tabaka kwa tabaka, linafanana na la amiloidi iliyo jirani. Kutengeneza molekuli inayonata mikunjo ni kazi iliyozoeleka. Kutengeneza inayonata mikunjo hii na kuiachia ile ni kazi nyingine kabisa.

Kisa cha THK5351, kifuatilishi kilichokusudiwa kunata tau, kinastahili kusimuliwa kwa kila anayeanza kazi hii. Kilitokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, na picha zake zilivutia. Halafu wagonjwa wakapewa selegilini, dawa ya zamani inayozuia kimeng'enya cha MAO-B, na kupigwa picha tena. Mng'ao ukaporomoka ubongo mzima, katika baadhi ya maeneo kwa karibu nusu. Maana yake, sehemu kubwa ya kilichodhaniwa kuwa tau kilikuwa kimeng'enya kinachopatikana kwenye seli saidizi za ubongo. Jaribio lenyewe halikuhitaji teknolojia mpya: kidonge cha dawa iliyopo na picha ya pili. Lilihitaji mtu mwenye ujasiri wa kuuliza swali ambalo jibu lake lingeweza kuua mradi. Na watafiti wa Tohoku hawakukimbia aibu. Waliirekebisha molekuli hiyo makusudi ili inate MAO-B, wakapata SMBT-1, ambayo sasa hutumika kuangalia jinsi seli hizo saidizi zinavyoitikia ugonjwa.

Kati ya vifuatilishi vya tau, flortaucipir ndiyo iliyofika mbele, ikaidhinishwa Mei 2020 baada nayo kupita kwenye mtihani wa bongo za marehemu. Hata hivyo haijatakata. Hung'aa kwenye mishipa inayotengeneza maji ya ubongo na kwenye seli zenye neuromelanini, rangi nyeusi ya asili ya ubongo, mahali ambapo haina shughuli ya Alzheimer. Hubaini vizuri tau ikiwa imeshasambaa sana, na si hodari kwa hatua za mwanzo. Mgonjwa husubiri dakika 80 kati ya sindano na picha, na florbetapir husubiriwa dakika 30 hadi 50. Watu huichukulia subira hiyo kama usumbufu wa ratiba. Kumbe muda huo wote ni wa molekuli kujitoa kule isikotakiwa.

Kuna mtego mwingine ambao haupewi nafasi ya kutosha: wanyama wa maabara. Panya waliobadilishwa jeni huota mabonge ya amiloidi tele, lakini PiB hunata kwao kwa udhaifu mno ukilinganisha na binadamu, na ni hivyohivyo kwa nyani wazee wenye mabonge yao wenyewe. Lau uamuzi ungeachiwa panya, huenda kifuatilishi kilichofungua fani nzima kingetupwa. Kwa upande wa pili, zipo familia zenye mabadiliko ya jeni yaitwayo ya Aktiki ambazo hupata ugonjwa kamili huku skani ya PiB ikiwa karibu tupu, kwa sababu amiloidi yao ina muundo mwingine. Kifuatilishi huona umbo, hakioni ugonjwa. Picha isiyo na kitu humaanisha kwamba hakuna kilicholingana na umbo la molekuli ile, na ripoti za hospitali zingesomeka vizuri zaidi kama zingeandikwa kwa tahadhari hiyo.

Faida ya haya yote kwa wagonjwa ilionekana kwanza kwa njia ya uchungu. Majaribio makubwa ya kingamwili bapineuzumab, yaliyoanza kabla picha hizi hazijawa masharti ya kuingia, yalikuja kugundua kwamba katika wale wasiobeba APOE4, jeni inayoongeza hatari ya Alzheimer, zaidi ya theluthi moja ya waliopigwa picha hawakuwa na amiloidi ya kuondolewa. Walichomwa dawa ya kitu wasichokuwa nacho. Majaribio yaliyofuata yalidai picha au ushahidi mwingine wa amiloidi kwanza, na dawa mbili zilizopata idhini kamili Marekani, lecanemab mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024, zimepita katika mlango huo. Kwa donanemab picha hutumika hata kuamua lini dawa isitishwe, amiloidi ikishapungua.

Lakini hapa nina wasiwasi. Picha inayofifia baada ya dawa hupendeza macho, na ni rahisi kuifanya ndiyo ushindi. Dawa hizi hupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi cha wastani. Hazimrudishii mgonjwa alichopoteza, na zina hatari ya uvimbe na kuvuja damu ubongoni. Umbali kati ya picha iliyosafishika na maisha ya mwenye ubongo huo bado ni mkubwa. Tena, kwa watu wasio na tatizo lolote la kumbukumbu, uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi mwaka 2015 ulikadiria kwamba mmoja kati ya kumi ana amiloidi akiwa na miaka 50, na asilimia 44 wakiwa na miaka 90. Wengi wao watakufa kwa sababu nyingine wakiwa na akili timamu. Kumpiga picha mtu mzima wa afya kwa sababu tu ana uwezo wa kulipia, kisha kumkabidhi jibu ambalo hana la kulifanyia, naliona ni matumizi mabaya ya kazi nzuri.

Na sasa damu imeingia uwanjani. Mei 2025 FDA iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kugundua amiloidi, kinacholinganisha p-tau217, aina moja ya protini ya tau, na kipande cha amiloidi. Wapo wanaosema zama za vifuatilishi zinakwisha. Sikubaliani, ila nakiri kwamba swali la "ipo au haipo" linahamia kwenye chupa ya damu, na ni vizuri lihamie, maana mgonjwa anaepushwa na mionzi na safari. Ambacho damu haiwezi ni kusema ni wapi. Tau iliyoko kwenye kingo za ndani za ubongo wa kumbukumbu na tau iliyokwisha sambaa hadi sehemu za kuona na kufikiri zina maana tofauti kabisa kwa mgonjwa, na picha pekee ndiyo inayozitenganisha kwa mtu aliye hai.

Fedha na akili zielekezwe huko basi, kwenye maswali ya mahali. Kifuatilishi cha UCB-J, kinachonata protini ya SV2A kwenye miisho ya neva, kinaonyesha sinapsi zilizobaki, yaani maungio ya neva na neva, na kupotea kwa sinapsi ndicho kitu kilicho karibu zaidi na kupotea kwa kumbukumbu. Vifuatilishi vya uvimbe wa ubongo vinavyonata protini ya TSPO vina somo lake: badiliko la asidi moja ya amino katika protini hiyo, ambalo watu huzaliwa nalo, huwafanya baadhi yao waonekane hawana uvimbe kwa sababu tu molekuli haiwanati. Ilichukua miaka kugundua kwamba tofauti iliyoonekana kati ya wagonjwa ilikuwa kwa sehemu tofauti ya kurithi. Siku hizi washiriki hupimwa jeni kwanza.

Mtihani mkubwa unaofuata ni wazee wenye magonjwa mchanganyiko, ambao ni wengi. Ubongo mmoja unaweza kuwa na amiloidi, tau, na protini nyingine zinazoganda, alfa-sinukleini na TDP-43, kwa pamoja. Kwa TDP-43 hakuna kifuatilishi kilichoidhinishwa. Kwa alfa-sinukleini, molekuli ya ACI-12589 iliyoripotiwa mwaka 2023 ilionyesha mng'ao kwa wagonjwa wa kusinyaa kwa mifumo mingi ya neva, lakini kwa wenye Parkinson haikutoa mengi. Anayeleta molekuli mpya kwa ajili ya protini hizo atuonyeshe, kabla ya picha za rangi, jaribio la kuizuia kwa dawa nyingine, mabaki yake yenye mionzi baada ya ini kuivunja, na vipande vya ubongo wenye amiloidi na tau peke yake ambavyo imepita bila kuvigusa. Na kama imenata navyo, aichapishe ripoti hiyo pia, kwa sababu maabara nyingine huenda wiki hii inaanza kuunganisha molekuli ileile kwa fedha za umma.